Mtoto anahema mbio na mRDT ni chanya: je, ni malaria tu?

Swali: Mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya. Juzi usiku tulipokea mtoto wa miaka 2, joto 39.4, anahema mara 58 kwa dakika. mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, ikasoma chanya, tukamwanzishia dawa ya malaria. Asubuhi daktari akasema ana nimonia pia. Usiku ule nilipaswa kuona nini?

Jibu: Sista, pole na zamu. Kipimo kilijibu swali moja tu: damu ya mtoto ina vimelea vya malaria, au ilikuwa navyo karibuni. Vipimo vingi tunavyotumia hutafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2, na hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kwa hiyo muulize mama kama mtoto alitibiwa malaria mwezi huu. Isitoshe, penye malaria nyingi mtoto anaweza kukaa na vimelea bila kuugua, nimonia ikamkuta navyo. Chanya inakutaka utibu malaria, lakini kifua bado hakijaangaliwa.

Anza kwa kuhesabu. Mtoto ametulia mapajani mwa mama, nguo imepandishwa hadi kwapani, unahesabu dakika nzima. Wengi wetu huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Ukikosea pumzi mbili hapo, umekosea nane. Kuanzia miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, ni 40. Homa nayo huongeza kasi, kwa hiyo joto likishuka hesabu tena.

Ukimaliza, usishushe nguo. Tazama anavyohema. Mwenye nimonia huhema juujuu, pumzi fupifupi. Akivuta hewa, sehemu ya chini ya kifua inabonyea, pua zinatanuka, na wengine huguna kila wanapotoa pumzi. Kwenye stetoskopu utasikia michirizo, au upande mmoja hewa haiingii vizuri. Oksijeni ya kidoleni ikisoma chini ya asilimia 90, mwekee oksijeni kwanza, mengine yafuate.

Malaria kali huhemesha kwa njia nyingine. Asidi imejaa kwenye damu na mwili unaitoa kwa pumzi. Pumzi zinakuwa ndefu, za kina, kifua kizima kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyetoka kukimbia, na bado ukisikiliza, hewa inaingia safi pande zote na oksijeni inasoma 97 au 98. Usomaji huo mzuri ndio hutufanya tumwache mtoto asubiri, ilhali yuko hatarini. Mara nyingi utamkuta amelegea, hakai bila kushikwa, hanyonyi.

Kuna la tatu tunalolisahau sana, upungufu mkubwa wa damu. Nakumbuka mtoto aliyeletwa saa 9 usiku, cheti cha rufaa kimeandikwa nimonia. Nilichukua kiganja chake nikakilaza juu ya kiganja cha mama yake. Cha mama kilikuwa na wekundu, cha mtoto kilikuwa kama karatasi. Mapafu safi, moyo unakwenda mbio, ini limeshuka vidole vinne chini ya mbavu. Hemoglobini, yaani wingi wa damu, ilikuwa gramu 3.8 kwa desilita. Mtoto yule alihitaji kuongezewa damu, na antibiotiki pekee zisingemwokoa. Tangu siku ile kila mtoto anayehema vibaya namlinganisha viganja na mama yake, hata taa ikiwa hafifu.

Kidole ukishakitoboa kwa ajili ya mRDT, pima na sukari papo hapo. Ikiwa chini ya milimoli 3 kwa lita, mpe dekstrozi (maji ya sukari) ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo, kwenye mshipa.

Na tafadhali, usimfungulie dripu ya haraka kwa sababu tu mikono ni ya baridi. Utafiti wa FEAST, uliotoka mwaka 2011, ulifuatilia watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na homa kali na damu isiyofika vizuri mwilini. Ndani ya saa 48 walifariki karibu asilimia 10 na nusu ya waliomiminiwa maji haraka, dhidi ya asilimia 7 na kidogo ya wasiomiminiwa. Wenye kuhara hawakuwemo. Hao wana utaratibu wao.

Tukirudi kwa mtoto wako: dalili hizi huingiliana. Mwenye asidi kali naye kifua hubonyea, na malaria na nimonia huweza kukaa pamoja. Usiku, bila picha ya kifua, ningemwambia tabibu hivi: "Anahema 58, kifua kinabonyea, oksijeni ni kadhaa, mRDT chanya; naomba tutibu yote mawili." Atesuneti ya sindano, dawa ya malaria kali, miligramu 3 kwa kila kilo kama hajafika kilo 20, pamoja na antibiotiki za nimonia kali kwa mwongozo wenu. Ukimpa rufaa, dozi za kwanza ziingie kabla gari halijaondoka, na kwenye cheti andika saa uliyochoma, sukari, na idadi ya pumzi ulizohesabu mwenyewe.