Singeli ya BPM 240: imejaa kwenye hedifoni, inaharibika kwenye spika

Swali: Natengeneza singeli kwenye programu ya FL Studio, BPM 240 (mapigo 240 kwa dakika), kwa lupu ya taarab, yaani kipande kinachojirudia, niliyoiongeza kasi mara mbili. Kwenye hedifoni biti imejaa vizuri. Kwenye spika kubwa za mtaani chini kunavuma ovyo, na kwenye simu besi haisikiki kabisa. Nimeongeza besi kwa ekwalaiza mpaka masta, chaneli ya mwisho inayobeba sauti zote, inawaka nyekundu. Nifanye nini?

Jibu: Ndugu yangu, anza kwa kuiondoa hiyo besi uliyoongeza. Kwa kasi hiyo kinachokuumiza ni urefu wa sauti kabla ya ukubwa wake.

Piga hesabu. Dakika ina milisekunde 60,000. Gawa kwa 240 unapata 250. Hiyo ndiyo nafasi yote kati ya pigo na pigo. Sampuli nyingi za kiki, ile ngoma nzito ya chini, zimetengenezwa kwa muziki wa BPM 120 hivi, na mkia wake, yaani mlio unaobaki baada ya kishindo, unaweza kufika milisekunde 400. Kiki ya pili inaingia ya kwanza ikiwa bado inalia, na mawimbi ya chini yakikutana, mara yanajumlishana, mara yanafutana. Kwa kuwa mapigo ya singeli hayafuatani kwa nafasi zilezile, kila kiki inatoka na nguvu tofauti. Mtaani spika na kuta zinaurefusha mkia huo zaidi. Hedifoni zinakuficha yote haya.

Kata kiki ibaki milisekunde 110 hadi 130, na milisekunde 15 za mwisho zififie taratibu, la sivyo utasikia mlio wa kukatika. Wimbi la Hz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, huchukua milisekunde 20 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo hapo unabaki na mizunguko mitano au sita, inayotosha kuleta uzito. Ukishuka chini ya milisekunde 80 utabaki na kishindo kisicho na mwili. Noti za besi nazo zifupishe ziishe kabla kiki inayofuata haijagonga.

Sasa lupu, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Ukiongeza kasi mara mbili bila kulinda kimo cha sauti, kila kitu kinapanda oktavu nzima, yaani Hz zake zinakuwa mara mbili. Gitaa la besi lililokuwa Hz 80 sasa liko 160, linagongana na mwili wa kiki na besi yako mpya. Ukali wa vayolini uliokuwa Hz 1,500 umehamia 3,000, mahali ambapo sikio ni jepesi mno na huchoka upesi. Ule ujazo uliokuwa ukiusikia kwenye hedifoni ulikuwa ni besi ya zamani ya taarab. Weka filta ya kukata chini ya Hz 200, mteremko mkali wa desibeli 24 kwa oktavu, kisha punguza desibeli 3 kwa upana kuzunguka Hz 3,000. Lupu ikisikika peke yake itaonekana nyembamba. Usiiongezee kitu, isikilize ikiwa pamoja na wenzake.

Kuhusu simu: spika yake ndogo karibu haitoi chochote chini ya Hz 200, hivyo noti ya Hz 55 haiwezi kufika. Kinachoweza kufika ni ndugu zake wa juu, 220, 275 na kuendelea, na sikio likiwapata hao hujijazia lenyewe noti ya chini. Nakili chaneli ya besi, nakala ipitishe kwenye distosheni, yaani ukwaruzaji wa sauti unaozaa hao ndugu wa juu, ikate chini ya Hz 150, kisha ipandishe kidogo kidogo mpaka besi isikike kwenye simu. Mara nyingi desibeli 12 chini ya besi yenyewe zinatosha.

Saidicheni ya kiki kwenye besi, yaani kompresa inayoishusha besi kila kiki inapogonga, ni nzuri, ila achilio lake, muda wa kuirudisha besi juu, liwe milisekunde 80 hadi 100. Ukiliacha kwenye 250, besi haipati nafasi ya kurudi juu, na biti inasikika tupu hata mita zikiwa zimejaa. Kila kilicho chini ya Hz 120 kiwe mono, yaani kitoke sawasawa kushoto na kulia.

Kabla ya kupanga viwango, angalia kama kuna Fruity Limiter, kifaa cha kuzuia sauti isivuke kikomo, kwenye masta. Kiolezo kimoja cha kuanzia mradi cha FL Studio huja nayo. Izime, maana inakuficha makosa. Anza na kiki ikifika kilele cha desibeli -10, ingiza sauti ya MC, halafu besi, lupu iwe ya mwisho. Masta isivuke desibeli -6.

Mwangwi wa sekunde 1.5 kwenye sauti ya MC unafunika mapigo sita mazima, na maneno yake yatazama. Tumia sekunde 0.3, au dilei ya milisekunde 125, yaani nusu pigo, ikiwa imekatwa chini ya Hz 300.