Jibu langu: hakuna hata jina moja linaloifaa nyumba yetu

Assalaam alaykum mhariri na wasomaji wenzangu. Wiki hii mmeuliza katika yale majina ambayo wataalamu wa masoko wanayatumia kuwagawa wateja kwa madaraja, DINK, yuppie, kiota kitupu, kizazi cha sandwichi na kadhalika, lipi linaifaa nyumba yako. Mie nna duka hapa Chake Chake, Pemba, na nasema hakuna, na naliona jambo kubwa kwa sababu vijana wa makampuni wanapita na vishikwambi vyao wanatujazia fomu kwa madaraja haya haya, halafu mzigo unaoletwa sio unaotakiwa.

Chukueni hiyo DINK, yaani mke na mume wote wana mshahara na mtoto hawana. Jina limevuma Marekani miaka ya 1980 pamoja na yuppie, kijana wa mjini mwenye kazi nzuri, na hesabu yake ni kwamba kwa watu hawa pesa inabaki basi wauzie safari na vitu vya anasa. Sasa nna wateja wangu, mke mwalimu mume yuko bandarini, Mungu hajawajaalia mtoto. Mwisho wa mwezi wanabeba polo la mchele, dumu la mafuta, sukari, sabuni za mche, na skuli zikikaribia kufunguliwa Januari wanakuja na orodha ndefu ya mabuku na viatu vyeusi, vya watoto wa ndugu hivyo, wengine wanakaa nao na wengine wako Micheweni wanapelekewa kwa gari ya abiria. Wakiulizwa mna watoto watasema hatuna, basi kwenye fomu wameshakuwa watu wa starehe! Inaniuma khasa, maana wale wanalea kuliko wengi wenye watoto wao.

Na mpango wenyewe wa kuwagawa watu hivi sio wa jana. Mwaka 1966 watafiti wa masoko Wells na Gubar huko Marekani waliyagawa maisha ya familia kwa hatua, kijana peke yake, waliooana karibuni, kiota kilichojaa, yaani nyumba yenye watoto, kwa hatua tatu kufuatana na umri wao, kiota kitupu, yaani watoto wameshaondoka, mwisho aliyebaki peke yake. Ni kama ngazi, ukishapanda hushuki. Huku kwetu binti anaolewa anaondoka, akiachwa anarudi kwao na wanawe, na mama mtu mwenye miaka 60 ana mtoto mchanga ndani upya na hakuna anayeona ajabu, kwao ni kwao. Pampasi dukani kwangu wanaonunua zaidi ni mabibi. Lakini tangazo la pampasi lina mama kijana na mumewe na mtoto mmoja kwenye kochi jeupe, bibi hayumo.

Kizazi cha sandwichi, jina alilolitoa Dorothy Miller mwaka 1981 kwa watu wa makamo wanaolea watoto na huku wanatunza wazazi, kidogo linatugusa. Ila linamfanya mzee kuwa mzigo tu, na mie naona vingine. Serikali ya Zanzibar ilianza pensheni jamii mwaka 2016 kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, mwanzoni shilingi 20,000 kwa mwezi, hata kama mzee hajawahi kuajiriwa. Siku inapotoka mzee anakuja, anachukua sukari na majani ya chai, halafu anaomba chenji ya noti ndogo ndogo, moja moja kwa kila mjukuu, nauli za skuli hizo. Uingereza wana jina SKI, la wazee wanaojitumilia wenyewe mali ambayo watoto wao wangeirithi. Huyu wa kwetu utamwandika wapi?

Kwa hiyo nyie wa fomu, acheni kuuliza ndoa na idadi ya watoto peke yake. Muulizeni mtu chungu chake kinalisha wangapi, na pesa ya chungu inatoka kwa nani, maana mara nyingi inatoka Unguja au Dar au Muscat, kwa mtu ambaye kwenye fomu yenu hayumo kabisa.