Paka anakojolea kochi tukiwa kazini

SWALI: Mimi na mume wangu tunatoka nyumbani saa 1 asubuhi na kurudi saa 10 jioni. Paka wetu dume, miezi mitano, anakojolea kochi. Tumemwekea beseni lenye mchanga wa ufukweni, halitaki. Tufanyeje? – Mama Asha, Shangani, Mtwara

JIBU: Mama Asha, tunaushuku mchanga kwanza. Wa ufukweni una chumvi, chumvi huvuta unyevu, na paka hapendi kukanyaga majimaji. Tafuta mchanga wa mto, uchekeche, uanike mpaka ukauke kabisa, kisha mwaga kina cha sentimita 5 hadi 7. Maranda ya fundi seremala nayo yanafaa. Beseni likae kona tulivu, mbali na chakula. Zoa kinyesi kila jioni na ubadilishe mchanga wote mara mbili kwa wiki. Ukiwa mjamzito, kazi hiyo ni ya baba Asha, maana kinyesi cha paka kinaweza kubeba toksoplasma, kijidudu kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kochi usilisafishe kwa dawa ya klorini: ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma kifua. Tumia siki na maji nusu kwa nusu, halafu lianike juani. Harufu ikibaki, atarudi palepale.

Umri huo madume huanza kurushia mkojo ukutani. Muulize daktari wa mifugo kuhusu kumhasi. Ila akijikamua bila mkojo kutoka, mpeleke siku hiyohiyo. Kibofu kilichoziba huua haraka.