Upepo wa tairi siku ya kwanza kwenye saketi: jibu kwa ndugu wa Malindi

Ndugu yangu, umesema una Subaru Impreza yenye tairi za kawaida za barabarani, na umeambiwa ushushe upepo hadi PSI 24 (PSI ndicho kipimo cha upepo kwenye geji) ndipo gari ishike kona kwenye saketi, yaani njia ya mbio za magari. Usishushe. Mimi nilishusha mara yangu ya kwanza, ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Ubavu wa tairi ya barabarani ni laini. Ukiwa na upepo mdogo, ukiingia kona kwa kasi ubavu unalala na bega la tairi, pale meno yanapokutana na ubavu, linabeba uzito wote. Saketi niliyoendesha siku ile ilikuwa na kona nyingi za kulia, kwa hiyo kufikia saa saba mchana tairi yangu ya mbele kushoto bega lilikuwa limeliwa vibaya, na katikati meno bado mapya. Iliniuma, maana tairi zilikuwa na miezi miwili tu.

Anza na namba ya kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ukipima tairi zikiwa baridi. Baada ya raundi kadhaa za kasi upepo hupanda PSI 4 hadi 8. Ukiingia tu pembeni, pima hapo hapo, na usivute breki ya mkono wakati breki zina moto. Mimi kwa gari langu nalenga 36 tairi zikiwa moto. Iliyozidi naipunguza, nyingine naziacha. Usishangae zikipoa ukakuta kushoto na kulia hazilingani.

Choki itakusaidia kuliko maneno ya watu. Chora mstari kutoka kwenye meno, upite bega hadi ubavuni. Ikifutika mpaka ubavuni, ongeza upepo. Ikibaki kwenye meno ya pembeni, umezidisha.

Sasa la kwetu sisi wa pwani. Malindi tuko usawa wa bahari, na huko bara kwenye saketi, karibu na Nairobi, ni zaidi ya mita 1,500. Geji hupima tofauti ya hewa ya ndani na ya nje, na ya nje huko juu ni nyepesi, kwa hiyo upepo ule ule utasomeka zaidi kwa PSI 2 na ushee. Halafu baridi ya asubuhi ya Julai inaushusha tena, kama PSI 1 na nusu kwa kila nyuzi 10. Kwa hiyo ulichojaza hapa nyumbani hakikusaidii kule. Pima upya asubuhi kabla jua halijapiga tairi za upande mmoja, kwa geji yako mwenyewe. Ya kituo nilichojazia mimi ilitofautiana na yangu kwa PSI 5.

Jioni, tairi zikishapoa, zile ulizozipunguza zitakuwa chini. Zijaze kabla ya kushika barabara ya Mombasa, hasa ukiwa na mizigo na abiria. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari inatosha.