Thamostati imelika uzi: kutoboa na kuchonga uzi mpya ukiwa nyumbani

Mkuu, kwa nilivyokuelewa, tundu moja kati ya mawili yanayoshika kifuniko cha thamostati (ile valvu inayodhibiti maji ya kupooza injini) limelika uzi, yaani yale meno ya ndani yanayoishika bolti. Bolti ni M6, yaani unene wa milimita 6, inazunguka tu haikazi, na gari likipata moto maji yanachuruzika. Fundi wako anataka aingize bolti ya robo inchi kwa nguvu, eti itajichonga njia yenyewe. Wewe unauliza kama unaweza kutoboa na kuchonga uzi mwenyewe hapo nyumbani kwa drili ya mkono. Unaweza. Mimi si fundi gereji, ni mtu wa ofisini tu, nakaa Tabata, Dar, na gari la Kijapani lenye umri wake, na hadi leo nimeshachonga matundu kama kumi na mawili hivi. Mawili niliyaharibu, na hayo ndiyo nitakayoyaeleza kwa kirefu.

Kwanza hiyo robo inchi ikatae. Unene wake ni 6.35 mm na uzi wake wa kawaida una meno 20 kwa inchi, yaani kutoka jino hadi jino ni 1.27 mm. M6 ya gari lako ni 1.0 mm. Ikiingizwa itapita mizunguko miwili mitatu, itabana, fundi atakwambia "umeona?", kumbe inasaga aluminiamu iliyobaki. Mtego huu uko hata kwenye milimita zenyewe: M10 nyingi za Toyota ni za 1.25, ila ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukasema tu "nipe M10", utapewa ya 1.5. Kama huna geji ya kupimia uzi, chomoa bolti nzima ya gari lako, ilaze jino kwa jino na hiyo mpya, uziinue kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, rudisha dukani.

Sasa tundu. Wengi wetu tunaiogopa tapu (kile chuma chenye meno na mifereji kinachochonga uzi), wakati kazi nzima iko kwenye tundu linalotangulia. Hesabu yake ni nyepesi: chukua unene wa bolti, toa nafasi ya jino hadi jino. M6 ya 1.0 inataka biti (ile ncha ya drili inayotoboa) ya 5.0. Ukikadiria juu kidogo, M8 ya 1.25 inataka 6.8, M10 ya 1.25 inataka 8.8, M12 ya 1.25 inataka 10.8. Hapo ndipo nilipoangukia mara ya kwanza. Bano la oltaneta, la aluminiamu, uzi wa M8 ulikuwa umekufa upande mmoja, nikaamua kutoboa tundu jipya pembeni yake. Seti ya biti niliyonunua Kariakoo inapanda nusu nusu: 6.0, 6.5, 7.0. Hiyo 6.8 haimo. Nikajiambia 6.5 si mbaya, uzi utakuwa mnene zaidi. Halafu sikuwa na mpini wa tapu, nikaigeuza kwa spana ya kawaida, ambayo inasukuma upande mmoja tu. Ikawa nzito. Nikaongeza nguvu. Ikalia "tik", kidogo tu kama njiti ya kiberiti, na nusu ya tapu ikabaki ndani.

Bolti iliyokatikia ndani unaweza kuitoboa katikati. Tapu huwezi, maana ni chuma kilichokomazwa kwa moto, kigumu kuliko biti nyingi za bei yetu. Biti inateleza pembeni na kula aluminiamu laini. Wapo wanaoipondaponda kwa panchi ikatoka vipande vipande. Nilijaribu, nikaishia kupanua mdomo wa tundu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi saa. Aliniuliza, "Hicho ni bati jeupe au chuma?" Nikamwambia aluminiamu. Akasema, "Nenda kanunue shabu." Shabu hii hii ya kutakasa maji ya kisima, ambayo vinyozi wa zamani walikuwa wanapaka kidevuni. Wao mafundi saa huitumia kutoa skrubu ndogo za chuma zilizokatikia kwenye shaba nyeupe: maji ya moto ya shabu yanakula chuma, shaba na aluminiamu yanaziacha. Nikalivua bano, nikatoa kila kipande cha chuma kilichokuwa juu yake, nikaliweka kwenye sufuria ya aluminiamu na maji yaliyokolea shabu, nje uani, kwenye jiko la mkaa la moto mdogo. Baada ya muda vipovu vidogo vikaanza kupanda kutoka kwenye tapu tu. Nikawa naongeza maji yanapopungua. Jioni ya siku ya pili tapu ilikuwa nyeusi, imeliwa, nikaichokoa kwa msumari ikamung'unyika. Bano lilipauka rangi, basi. Ila usisahau: njia hii ni ya kitu cha aluminiamu kinachovuliwa. Ukichemsha kitu cha chuma utakula kitu chenyewe. Na hiyo sufuria usiirudishe jikoni.

Tundu la pili niliharibu kwa kutoboa upande. Kwa drili ya mkono jicho linadanganya sana. Uzi ulitoka mzuri, lakini bolti ilikaa imeinama kidogo, kichwa kikagusa upande mmoja na gasketi ikavuja. Siku hizi sitoboi bila mwongozo. Naenda kwa mafundi wa mageti wenye drili ya kusimama mezani, nawaomba wanitobolee kipande cha mninga au chuma kinene kwa biti ile ile, kisha nakibana juu ya sehemu ninayotaka kutoboa na biti inapita humo. Nafasi ikiwa finyu, vesha sidii ya zamani kwenye biti, ilale juu ya chuma upande unaong'aa ukikutazama. Kivuli cha biti kikionekana kimevunjika kwenye kioo chake, umeinama.

Tuje kwako. Tundu lako lilishakuwa la 6 mm na sasa limetanuka, kwa hiyo biti ya 5 haina kazi. Una njia mbili. Ya kwanza, kupanda hadi M8: unatoboa 6.8, unachonga, na kifuniko nacho unakipanua hadi 8.5 au 9 bolti ipite. Tatizo ni ukuta. Ile nundu inayoshika bolti ni nyembamba, na ukiibakizia milimita mbili kila upande itapasuka siku yoyote. Ya pili ni helikoili, ile springi ya chuma inayoingia kwenye tundu na kukupa uzi wa M6 uleule. Kwa M6 unatoboa 6.3, unachonga kwa tapu yake maalumu inayokuja na seti (tapu ya kawaida haifai), unaipenyeza springi mpaka izame kidogo chini ya uso, unavunja kile kijiti cha chini na kukitoa. Mimi kwenye aluminiamu siku zote nachagua helikoili. Bolti ya asili inarudi, na uzi wa chuma hauliki kirahisi kama wa mwanzo.

Pima kina kabla hujawasha drili. Ingiza njiti ya kiberiti kwenye tundu, weka alama, uihamishie kwenye biti kwa solotepu. Mbele ya tundu lako huenda kuna njia ya maji, na ukilitoboa hadi huko maji yatapita kwenye uzi wenyewe. Kwenye aluminiamu uzi uushike bolti mara moja na nusu hadi mara mbili ya unene wake, kwa M6 ni 9 hadi 12 mm. Zaidi ya hapo hakuna faida.

Gari lipoe kabisa, mwaga maji, ziba mdomo wa njia ya maji kwa kitambaa safi. Paka grisi kwenye biti na mifereji ya tapu, inashika chembe zisianguke ndani. Hiyo grisi ni ya chembe; cha kulainishia aluminiamu ni mafuta ya taa, yanaifanya isigande kwenye meno. Geuza tapu nusu mzunguko mbele, robo nyuma, usikie ile chembe inakatika. Ikiwa nzito itoe yote, safisha, rudi. Kama seti yako ina tapu tatu, anza na namba 1, malizia na namba 3 kwa sababu tundu lako lina kitako, halijatokea upande wa pili. Ukimaliza toa uchafu na mafuta yote: bolti ikishuka juu ya mafuta yaliyonaswa inafanya kazi ya pistoni, na nimeona nundu ikipasuka hivyo. Ukipuliza upepo, vaa miwani.

Kukaza, M6 kwenye aluminiamu ni 9 hadi 10 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza). Kama huna spana ya kupimia, tumia spana fupi na uishike karibu na kichwa cha bolti, si mwishoni mwa mpini. Na nina shaka kuwa uzi wako haukuuawa na mkono wa mtu peke yake. Umesema huwa unajazia maji ya kisima. Visima vingi vya huku kwetu vina chumvi, na chumvi pamoja na bolti ya chuma ndani ya aluminiamu ni ugomvi wa kila siku. Bolti inaganda, ikifunguliwa inatoka na uzi. Mwaga yote, suuza, weka kulanti (yale maji maalumu ya rejeta).

Haya yote ni ya vifuniko, mabano na vitu vya namna hiyo. Kalipa za breki, usukani na mahali mkanda wa kiti unapofungwa sigusi. Vile nanunua kipya au napeleka kwa anayekereza.

Pima kwanza unene wa ile nundu kwa kalipa ya kupimia, uniandikie hapa. Ikizidi 14 mm tunaweza kuongea habari ya M8. Chini ya hapo ni helikoili, na kabla hujatoka nayo kwenye maduka ya Gerezani, hapa Dar, hakikisha seti ina tapu yake ndani.