Nani aliwapa Wagiriki herufi?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nimesoma kwamba shujaa Kadmos ndiye aliyewapelekea Wagiriki herufi. Ni kweli au ngano tu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Kadmos mwenyewe ni wa ngano, lakini ngano hii imebeba ukweli. Herodotus, mwanahistoria wa kale wa Kigiriki, aliandika kwamba Wafoinike, watu wa pwani ya Lebanoni ya leo, waliofuatana na Kadmos ndio walioleta herufi, na kweli alfa, beta na gama zinatokana na alef, bet na gimel zao. Wafoinike waliandika konsonanti tu. Wagiriki wakachukua herufi za sauti wasizozihitaji, wakazifanya irabu: alef ikawa a, ayin ikawa o. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa, maana ushairi sasa uliweza kuandikwa kama unavyosikika.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni kikombe cha udongo kilichofukuliwa kaburini mwaka 1954, kisiwani Ischia, Italia. Kina zaidi ya miaka 2,700. Kimechorwa mistari mitatu ya maandishi ya Kigiriki, kutoka kulia kwenda kushoto kama walivyoandika Wafoinike. Kinamtaja Nestor, mzee yule mwenye kikombe maarufu katika Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki, kisha kinaahidi kwamba atakayekinywea hiki atashikwa papo hapo na hamu ya Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi. Alfabeti ingali changa, na tayari watu wanaitungia mashairi ya karamu!