Kwotabeki Akigonga Mlango Wako Mwezi Januari

Ndugu yangu unayeanza kazi ya kuwashauri wanamichezo wa chuo kikuu huku Marekani, kuna swali litakalokufikia kabla hujayazoea hata majina ya wachezaji wako. Huja baada ya Krismasi. Kijana wa miaka 21, kwotabeki wa mpira wa Marekani, yule anayepokea mpira mwanzoni mwa kila shambulizi na kuamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao mwenyewe, ataketi mbele yako na kuuliza: niingie drafti ya NFL mwaka huu, au nibaki chuoni mwaka mmoja zaidi? Drafti ndiyo siku ambazo timu za NFL, ligi ya kulipwa ya mpira huo, huchagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi kwa raundi.

Nilipoulizwa mara ya kwanza, nilifungua jedwali la masomo yake, nikaona zimebaki krediti 18, nikamwambia abaki amalize shahada. Alinishukuru kwa adabu, akatoka, na hakurudi tena kuniuliza lolote. Kijana alikuwa ameniuliza kuhusu mpira, mimi nikamjibu kuhusu vyeti. Ninakuandikia ili wewe usianzie pale nilipoanzia mimi.

Kanuni zenyewe ni chache, zijue kwa moyo. NFL haimpokei mchezaji kwenye drafti mpaka iwe imetimia miaka 3 tangu amalize sekondari. Mwanafunzi anayetaka kuondoka mapema hutangaza kufikia katikati ya Januari; drafti yenyewe ni Aprili, raundi 7, timu 32. Muda wa kujiondoa ukipita, basi, chuoni harudi kucheza. Kabla ya hapo anaweza kuomba tathmini ya kamati ya ligi, nayo hutoa jibu moja kati ya matatu: unaelekea raundi ya kwanza, unaelekea ya pili, au rudi chuoni. Tathmini hiyo haimfungi, lakini mhimize aiombe. Wengi watakaomzunguka mwezi huo wana asilimia yao ndani ya mkataba wake; walioandika karatasi ile hawana.

Sasa jiandae kusikia majina. Kila mtu atamletea jina. Anayetaka aondoke atamtaja Matt Leinart wa chuo cha USC, aliyetwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2004, akatarajiwa kuwa chaguo la kwanza kabisa mwaka uliofuata, akaamua kubaki. Somo lake pekee muhula ule lilikuwa dansi. Alifika fainali ya vyuo, akafungwa na chuo cha Texas 41 kwa 38, na kwenye drafti ya 2006 akachukuliwa wa 10 na timu ya NFL ya Arizona. Au atamtaja Matt Barkley, wa chuo hichohicho, aliyerudi kwa msimu wa 2012, akaumia bega dhidi ya UCLA mwezi Novemba, akateremka mpaka raundi ya nne, chaguo la 98. Anayetaka abaki naye ana majina yake: Peyton Manning, aliyekwisha kupata shahada kwa miaka mitatu na bado akabaki Tennessee, akawa wa kwanza mwaka 1998, na Andrew Luck wa Stanford, aliyerudi mwaka 2011, akamaliza shahada ya usanifu wa majengo, akawa wa kwanza mwaka 2012.

Nilikuwa nikiyachukua majina haya kama ushahidi. Siku hizi nayasikiliza tu. Kwenye drafti ileile ya 2005 ambayo Leinart aliikimbia, Aaron Rodgers aliondoka Chuo Kikuu cha California mapema na kungojea mpaka chaguo la 24. Kuondoka hakukumpandisha. Sam Bradford alirudi Oklahoma mwaka 2009, akaumia bega la mkono wa kurushia, akaumia tena bega hilohilo, akafanyiwa upasuaji, na bado akawa wa kwanza mwaka 2010 kwa mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 78, milioni 50 kati yake zikiwa za uhakika. Mwaka mmoja baadaye ligi na wachezaji walikubaliana viwango vipya vya mishahara ya wageni, yaani wachezaji wanaoingia ligi mara ya kwanza, na Cam Newton, naye wa kwanza, akapata dola milioni 22 kwa miaka 4. Tofauti ile haikutokana na mkono wa yeyote kati yao. Kijana akikuletea jina, muulize: huyu alikuwa amecheza mechi ngapi alipoamua?

Hilo ndilo swali langu la kwanza siku hizi, na naomba liwe lako pia. Hesabu mechi alizoanza, yaani alizokuwa kwotabeki tangu mwanzo wa mchezo. Sifa za magazetini ziache. Mitchell Trubisky aliondoka North Carolina akiwa ameanza mechi 13, Chicago wakamchukua wa pili mwaka 2017, mbele ya Patrick Mahomes. Anthony Richardson aliondoka Florida na mechi 13 vilevile, akachukuliwa wa nne mwaka 2023 na Indianapolis. Wote wawili wana miili ambayo mtafuta vipaji yeyote angeitamani, na wote wawili walipoteza nafasi ya kuanza katika timu zilizowachagua. Upande wa pili yuko Bo Nix, aliyeanza mechi 61 kule Auburn na Oregon kabla ya Denver kumchukua wa 12 mwaka 2024, na msimu wake wa kwanza akaifikisha timu kwenye mtoano. Brock Purdy alianza mechi zaidi ya 40 Iowa State. Alichaguliwa wa mwisho kabisa mwaka 2022, wa 262, na mwaka 2025 alisaini nyongeza ya mkataba ya dola milioni 265. Sisemi mechi nyingi humfanya kila mtu kuwa Purdy. Nasema kazi ya kwotabeki ni kusoma mabeki kwa sekunde mbili tatu huku watu wenye kilo 130 wakimjia, na kusoma huko hakufundishwi ubaoni.

Usidanganyike pia kwamba atajifunza akiwa benchi NFL. Mazoezi ya wiki kule humtengeneza anayeanza Jumapili. Msaidizi hupata mirusho michache, na wa tatu hushika karatasi. Mazoezi ya kugongana kwa vifaa kamili yamewekewa kikomo cha 14 kwa msimu mzima. Rodgers alikaa miaka 3 nyuma ya Brett Favre na Mahomes mwaka mmoja nyuma ya Alex Smith, ni kweli, lakini wale walichaguliwa raundi ya kwanza na timu zilizokuwa na subira nao. Kijana wa raundi ya sita hakuna anayeogopa kumpoteza. Akikosea Agosti, Septemba yuko nyumbani.

Mshambuliaji wa kukimbia na mpira nisingemshauri hivi. Magoti yake yana idadi ya migongano, na kila mwaka wa chuo unaila. Yeye aondoke mapema akiweza. Kwotabeki mzuri hucheza mpaka miaka 35 na zaidi. Mwaka mmoja wa kungoja anaweza kuurudisha mwishoni. Kitu halisi anachopoteza ni kwamba mkataba wa pili, ule wa fedha kubwa, unaweza kujadiliwa tu baada ya misimu mitatu ya NFL, kwa hiyo akichelewa kuingia anachelewa kuufikia. Mwambie hivyo waziwazi, ni haki yake kujua.

Kuhusu fedha, hali imegeuka kiasi kwamba ushauri wa wakubwa wetu wa zamani hausaidii tena. Tangu Julai 2021 mwanafunzi anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kikomo cha mwaka wa kwanza kikiwa dola milioni 20.5 hivi kwa chuo. Kima cha chini cha mshahara wa mchezaji mgeni NFL mwaka 2025 kilikuwa dola 840,000, na huyo ni aliyebaki kikosini. Quinn Ewers aliondoka Texas akachaguliwa raundi ya saba, wa 231. Zamani ungeweza kusema kijana wa raundi ya saba anakimbia njaa. Leo kwotabeki wa chuo kikubwa anaweza kulipwa zaidi akibaki, kwa hiyo ile hoja ya "mama yangu anahitaji nyumba", ambayo ilikuwa ikinifunga mdomo kila ikitajwa, ipigiwe hesabu na karatasi mezani. Mama mwenyewe akiwepo, mkaribishe kiti, mweleze yeye kwanza. Mara nyingi ndiye mtulivu kuliko wote chumbani.

Kuna wakati wa kusema nenda, na useme bila kigugumizi. Kamati ikisema raundi ya kwanza, na kijana ameanza misimu miwili kamili, na anaweza kukueleza kwa maneno yake kwa nini alirusha pale alikorusha, basi hana la kungoja. Akibaki anaweka bega lake rehani kwa faida ndogo. Vilevile kocha wa mashambulizi akihama. Hili washauri wapya wengi hawaliulizi. Mwaka wa kurudi una thamani iwapo anarudi kwa mwalimu yuleyule na lugha ileile ya mbinu. Wakibadilika wote, anaanza darasa la kwanza upya huku ligi nzima ikimtazama. Hapo kuhamia chuo kingine kupo, lakini mkague mwalimu wa huko kabla ya kukagua hundi.

Akiamua kubaki, usimwache aondoke bila kuuliza bima ya majeraha na ya kushuka thamani, nani anailipia na inaanza lini. Nimemwona kijana akicheza wiki tatu akidhani ana bima, kumbe fomu haijasainiwa.

Zile krediti nazifungua mwisho, uamuzi ukishatoka kinywani mwake. Anayeondoka namwandikia palepale masomo anayoweza kuyachukua Februari hadi Juni, nampa namba yangu, na kila Mei namtumia ujumbe kumkumbusha zimebaki ngapi.